Damu ya mshale

Nilikuwa Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, kwa ajili ya vitunguu. Magunia yamepangwa kando ya barabara, wapakiaji wanaitana, vumbi la Eyasi limejaa mdomoni. Usiku, katika nyumba ya wageni, nilisoma makala ya James Woodburn, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyeanza kukaa na Wahadzabe, wawindaji wa eneo hili, mwishoni mwa miaka ya 1950. Vitunguu vikanitoka kichwani.

Mwindaji aliyekuwa peke yake akiangusha mnyama mkubwa, aliandika Woodburn mwaka 1982, hatangazi. Anarudi kambini, anaketi kimya kati ya wanaume wenzake. Damu iliyoganda kwenye mti wa mshale ndiyo inayomsemea. Wenzake wataiona. Nyama itagawanywa kambini, na aliyeua hapati nayo haki ya kumwamuru yeyote.

Nilikumbuka kikao cha mradi mmoja wa utafiti. Kiongozi alisifia matokeo "yangu" karibu saa nzima. Binti aliyekusanya sampuli juani alikaa nyuma, hakutajwa.

Woodburn hadai kwamba Wahadzabe wameumbwa wapole kuliko sisi. Anaonyesha kinachomzuia mtu kujikweza: kila mwanaume ana upinde wake, chakula cha porini hakina mwenyewe, na yeyote anaweza kuhama. Watu wakikorofishana, mmoja anafunga virago. Mara nyingi hataji ugomvi. Husema kule mbele matunda yameiva, au mawindo ni mengi. Heshima ya kila mtu inabaki.

Mwaka 2012 Coren Apicella na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti wao kwa Wahadzabe 205, ambao waliwauliza wangependa kuishi na nani na kumzawadia nani asali. Wakarimu walionekana kuwa karibu na wakarimu. Sayansi imepima ushirikiano hapa Eyasi kwa uangalifu mkubwa. Lakini mtafiti kijana hufundishwa takwimu na maandiko ya kuombea fedha, kisha siku moja anakabidhiwa gari, hema na watu sita. Kusikiliza, kugawa sifa, kukosolewa mbele ya walio chini yake: hayo atajifunzia wapi, na kwa gharama ya nani?

Na mkalimani wa Mang'ola anayetegemea posho ya siku, au mwanafunzi anayesubiri saini ya msimamizi wake, wakikorofishwa, waseme matunda yameiva wapi?