Mwajiri Anapotaka Kuinunua Kazi Yako

Machi 22, 2006, kampuni ya magari ya General Motors ilitangaza kwamba iko tayari kuwalipa wafanyakazi wake waache kazi. Ofa iliwahusu wafanyakazi wa viwandani wote nchini Marekani waliokuwa chini ya chama chao cha UAW, watu wapatao 113,000. Mwenye miaka 10 au zaidi kazini aliahidiwa dola 140,000, na ambaye hajafikisha miaka hiyo dola 70,000. Aliyetimiza miaka 30 aliahidiwa dola 35,000 ili astaafu. Hakuna aliyelazimishwa. Kufikia mwishoni mwa Juni, wafanyakazi takriban 35,000 walikuwa wamekubali.

Mwaka uliotangulia kampuni hiyo ilikuwa imepata hasara ya zaidi ya dola bilioni 10. Ilikuwaje basi igawe fedha kiasi hicho? Jibu lilikuwa ndani ya mikataba yake na chama. Tangu 1984, mfanyakazi wa GM aliyekosa kazi kwa sababu kiwanda kimepunguza uzalishaji aliingizwa katika mpango uliojulikana kama benki ya ajira, akaendelea kulipwa sehemu kubwa ya mshahara wake hata kama hagusi chombo. Kumsimamisha mtu kazi hakukuiokolea kampuni fedha nyingi. Juu ya hapo palikuwa na gharama za matibabu ya wastaafu, ambazo zilikuwa zikipanda kila mwaka.

Ukizitazama zile bei, utaona kampuni ilikuwa inanunua nini. Aliyechukua dola 140,000 alikata uhusiano wote na kampuni. Alibaki na pensheni aliyokwisha kuichuma tu, na bima ya afya ya uzeeni akaiacha. Aliyechukua dola 35,000 alistaafu na pensheni kamili pamoja na bima yake. Fedha zilikuwa nyingi pale mfanyakazi alipoacha haki nyingi. Ndiyo maana anayepewa barua ya aina hii, awe Detroit, Nairobi au Dar es Salaam, anapaswa kwanza kuorodhesha anachokiacha, kisha ndipo atazame kiasi kilichoandikwa.

Waafrika Mashariki si wageni wa mpango huu. Katika miaka ya 1990 serikali ya Kenya iliwapa watumishi wa ngazi za chini nafasi ya kustaafu mapema kwa hiari, ili kupunguza gharama za mishahara. Baada ya sheria ya kudhibiti riba za mikopo kuanza kutumika Septemba 2016, ikawa zamu ya mabenki. Mwaka 2017 KCB na Barclays ya Kenya zilikuwa miongoni mwa benki zilizowapa wafanyakazi nafasi ya kuondoka kwa hiari. Huduma za benki kwa simu nazo zilikuwa zimepunguza foleni za kaunta, na pamoja nazo haja ya watu wa kuzihudumia.

Waajiri wanaipenda njia hii kwa sababu za wazi. Kupunguza wafanyakazi kwa lazima kuna masharti. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 40, inamtaka mwajiri atoe notisi ya mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi na kwa afisa wa kazi, na mfanyakazi asiye na chama aandikiwe yeye mwenyewe. Katika kuchagua nani aondoke, ni lazima azingatie muda wa mtu kazini, ujuzi wake, uwezo wake na jinsi anavyotegemewa. Kisha alipe likizo zilizobaki, notisi, na malipo ya kupunguzwa yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka kamili wa kazi. Akikosea hatua moja, anaweza kushtakiwa. Mtu anayeomba mwenyewe kuondoka hahesabiwi kuwa amepunguzwa, kwa kuwa sheria hiyo inaeleza kupunguzwa kuwa ni kupoteza ajira bila hiari. Yeye na mwajiri wamepatana tu, na yote yanategemea kilichoandikwa katika mapatano hayo.

Tanzania inatumia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Nayo inamtaka mwajiri atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane na wafanyakazi kabla ya kuwapunguza. Kiwango cha chini cha kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka, na mwisho wa kuhesabu ni miaka 10. Aliyefanya kazi miaka 25 anapata siku 70 zilezile anazopata mwenye miaka 10, yaani chini ya mishahara mitatu. Kiwango cha sheria kikiwa chini namna hiyo, karibu kila ofa itaonekana nono.

Lakini kwa Mtanzania kuna jambo jingine ambalo barua ya mwajiri huenda isiliseme. Mabadiliko ya sheria za hifadhi ya jamii ya 2018 yalileta fao la kukosa ajira, linalomsaidia kwa muda mwanachama aliyepoteza kazi. Fao hilo halimhusu aliyeacha kazi kwa kujiuzulu. Mtu akisaini karatasi inayosema amejiuzulu, badala ya inayosema mwajiri amesitisha ajira katika zoezi la kupunguza wafanyakazi, anaweza kujifungia mlango huo kwa kalamu yake mwenyewe. Ni vyema kuuliza mfuko wako wa hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, kabla ya kusaini, na kumtaka mwajiri aandike sababu ya kuondoka kama ilivyo.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mfanyakazi wa Kenya ana mshahara wa Sh60,000 na miaka 12 kazini. Akipunguzwa kwa lazima, sheria inampa siku 180, ambazo kwa mwezi wa siku 30 ni Sh360,000, pamoja na notisi ya Sh60,000. Mwajiri anamwambia akiondoka kwa hiari atapata mshahara mmoja kwa kila mwaka, yaani Sh720,000, na notisi ileile. Ziada anayopewa kwa kukubali ni Sh360,000, mishahara sita.

Swali la haki basi ni hili: je, mishahara sita inatosha kuiacha kazi ambayo pengine angebaki nayo? Kama idara yake inafungwa na miezi mitatu ijayo ataondolewa tu, amepata faida. Kama kazi yake bado inahitajika na angeweza kuifanya miaka mitano zaidi, ameiuza kwa hasara. Wanaoweza kumsaidia kupima hilo ni wenzake, chama chake, na vile vigezo vya kifungu cha 40. Akijipima kwa muda wake kazini na ujuzi wake, ataona kama jina lake lingekuwa juu au chini ya orodha.

Halafu yuko mdai ambaye hasahauliki, yaani mkopo wa mfanyakazi. Yule mfanyakazi wa mfano wetu, ambaye pamoja na notisi anapata Sh780,000, akiwa bado anadaiwa Sh500,000 na mwajiri na zikakatwa zote kwa mkupuo, anabakiwa na Sh280,000 kabla ya kodi. Hazifiki mishahara mitano. Asipokatwa, mara nyingi riba nafuu ya mfanyakazi hukoma na mkopo huhamishiwa riba ya kawaida ya wateja. Bima ya afya ya familia nayo huisha, na hili linamuuma zaidi mwenye mgonjwa nyumbani au mtoto anayekaribia kuzaliwa.

Muda wa kufikiri nao ni mali. Marekani, sheria ya 1990 inampa mfanyakazi mwenye miaka 40 au zaidi siku 45 za kuitafakari ofa ya kundi inayomtaka aachilie madai ya ubaguzi wa umri, na siku saba za kubadili mawazo baada ya kusaini. Lazima pia ashauriwe kwa maandishi amwone wakili. Sheria za ajira za Kenya na Tanzania hazina siku kama hizo kwa anayeondoka kwa hiari. Mfanyakazi anayepewa wiki moja anaweza kuomba nyongeza, na aombe kwa barua.

Kusubiri kuna hatari zake pia. Wafanyakazi wa GM waliokataa ofa ya 2006 waliendelea kupokea mishahara yao, lakini mapema 2009 kampuni ilipowaletea ofa nyingine, ilikuwa dola 20,000 taslimu na hati ya dola 25,000 ya kununulia gari. Juni 1 mwaka huo GM iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika.

Aliyeamua kuondoka ana nafasi ya kujadiliana kabla ya siku ya kusaini, na baada ya hapo nafasi hiyo hupungua sana. Anaweza kuomba bima iendelee hadi mwisho wa mwaka wake, riba ya mkopo ibaki ileile kwa kipindi fulani, au tarehe ya kuondoka isogezwe ili mwaka mmoja zaidi ukamilike kwenye hesabu. Fomu atakayowekewa mezani kwa kawaida ina sentensi inayosema hana dai lingine lolote. Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilisema mwaka 2013 kwamba fomu ya namna hiyo si lazima izime kila dai. Mwaka 2018, katika kesi nyingine, ikasema kwamba aliyesaini kwa hiari na akiwa anaelewa anafungwa na sahihi yake. Kwa hiyo sentensi hiyo isomwe kwa utulivu, ikiwezekana pamoja na afisa wa chama au wakili, na nakala iondoke na mfanyakazi siku hiyohiyo, pamoja na mchanganuo wa malipo na cheti cha utumishi ambacho sheria za nchi zote mbili zinamtaka mwajiri akitoe.