Mpaka Mrefu na Hesabu ya Haraka

Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012, na Wilaya ya Itilima ikamegwa kutoka Bariadi ikafanya makao yake Lagangabilili, mistari mipya ilichorwa juu ya ardhi ya kale ya Wasukuma. Na kila mstari wa namna hiyo, uwe wa wilaya, wa kijiji, wa ngitili (malisho yaliyotengwa), au wa Pori la Akiba Maswa linalopakana na Serengeti, siku hizi hauishii katika karatasi, bali huweza kutiwa katika kanzidata ya kijiografia, ambamo kompyuta huulizwa maswali yenye uzito katika maisha ya watu. Shamba hili la pamba limo katika kijiji gani? Tembo aliyevishwa kola ya setilaiti yungali porini, au amekwisha kuvuka na kuingia mashambani?

Kwa kompyuta, mpaka ni orodha ya nukta, kila moja na longitudo na latitudo yake, zifuatanazo hata ya mwisho ikarudi kwa ya kwanza. Na umbo lililofungwa hivyo huitwa poligoni. Ili kujua kama tembo yumo ndani, programu hupitisha mstari mnyofu kutoka aliposimama hadi nje kabisa, ikahesabu ni mara ngapi mstari huo unaukata mpaka: idadi ikiwa witiri, yumo, ikiwa shufwa, hayumo. Kanuni hii ni sahihi, lakini huitaka kompyuta ikague mpaka mzima kipande kwa kipande, na mpaka ufuatao mito na vilima waweza kuwa na makumi ya maelfu ya nukta.

Wataalamu waliitambua taabu hii zamani. Mwaka 1984 Antonin Guttman alieleza faharasa iitwayo mti wa R, ambayo huivika kila poligoni mstatili uizungukao, ili maumbo yasiyohusika yatupwe mapema pasipo kukaguliwa. Na PostGIS, programu huria iliyotolewa mwaka 2001 kufanya kazi juu ya kanzidata ya PostgreSQL, hutumia faharasa ya jinsi hiyo. Walakini mstatili wa umbo kubwa hukusanya mengi yasiyo yake. Litazame Ziwa Viktoria: maji yake hufika mashariki hata Kisumu, na kusini, kwa Ghuba ya Mwanza, hukaribia latitudo ya 3, basi mji wa Bariadi, ulio nchi kavu mbali na ufuko, umo ndani ya mstatili wa ziwa. Faharasa haina hoja ya kuukataa, na kompyuta hulazimika kuufuata ufuko wote ndipo ijibu kwamba Bariadi haimo majini.

Fauka ya hayo, kuna mzigo wa kulitoa umbo lenyewe ghalani. Nukta moja huchukua baiti 16, hivyo poligoni ya nukta 100,000 ni baiti 1,600,000. Na PostgreSQL, itunzayo mambo yake katika kurasa za baiti 8,192, haina budi kuikatakata, kuiweka kando katika jedwali jingine, kisha kuiunga upya kila ihitajikapo.

Dawa moja ni ile ya Douglas na Peucker ya mwaka 1973, ya kuondoa nukta ambazo kukosekana kwake hakubadili sana sura ya mstari. Kwa ramani ya kutazamwa tu, ni dawa njema. Kwa mpaka ushikao haki za watu, ni hatari, kwani kona ya mto ikinyooshwa kwa mita 40 tu, shamba lililokuwa la kijiji laweza kuonekana limo hifadhini, na mwenyewe akaitwa mvamizi ilhali hakuhama hata hatua moja.

Dawa iliyo bora ni kugawa. Amri ya ST_Subdivide, iliyoingia katika PostGIS toleo la 2.2 mwaka 2015, huikata poligoni mpaka pasibaki kipande chenye nukta zaidi ya kiwango kilichowekwa, ambacho kwa kawaida ni 256. Vipande vya pembezoni hubaki na kila kona ya mpaka wa asili. Vya katikati huwa mistatili mitupu. Ziwa likigawanywa vipande vidogo vya kutosha, Bariadi haiangukii tena katika mstatili wa kipande chochote, na faharasa peke yake hutoa jibu. Na tembo aliye karibu na mpaka hulinganishwa na kipande kimoja au viwili, si na nukta 100,000.

Kazi hiyo ina masharti yake. Umbo la asili sharti lihifadhiwe, na urefu wa mpaka upimwe kwalo, maana vipande huongeza kingo zisizokuwako ardhini. Kila kipande kibebe namba ya mama yake. Na barabara ipitayo vipande vitatu vya kijiji kimoja ihesabiwe mara moja tu. Masharti haya yakitimizwa, ugawaji hufanywa mara moja, na faida yake ikapatikana katika kila swali litakalofuata.

Kwa hiyo nawausia vijana wanaosomea ramani na kompyuta wautafute wepesi katika mpangilio, wala wasiununue kwa kupunguza ukweli. Kwa maana mkulima wa Itilima ana haki, siku atakapobishaniwa ardhi yake, ya kuoneshwa mpaka ule ule uliokubaliwa, nukta kwa nukta, pasipo hata moja kutolewa ili kompyuta ipumzike.