Plagi Inapogoma Kukaza: Sayansi ya Tundu la Milimita 14

Injini ya petroli ya mipigo minne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda huwaka mara 25 kwa sekunde. Gari likiwa na mzigo na linapanda mlima, shinikizo ndani ya silinda linaweza kufika mara 60 ya shinikizo la hewa tunayoivuta. Tundu la plagi lenye kipenyo cha milimita 14 lina eneo la sentimita 1.5 za mraba tu, lakini ukipiga hesabu, kila mwako unaisukuma plagi itoke nje kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 90 hivi. Kinachoizuia ni thredi zilizochongwa kwenye silinda hedi. Kwa plagi nyingi za magari, thredi hizo zina urefu wa milimita 19, yaani mizunguko 15 ya mfereji usiozidi milimita moja kwenda chini.

Kubana si kazi pekee ya thredi hizo. Ncha ya plagi inatakiwa ikae kati ya nyuzijoto 450 na 850. Ikipoa kupita kiasi hushika masizi. Ikizidi kupata moto huwasha mchanganyiko wa petroli na hewa kabla ya wakati wake. Joto linalozidi hutoka kupitia thredi na washa, likaingia kwenye hedi na kuchukuliwa na maji ya rejeta. Umeme nao, ukisharuka pale kwenye ncha, hukamilisha safari yake kupitia chuma hichohicho. Thredi zikiharibika, gari hupungukiwa na vitu vitatu kwa pamoja: kompresheni, upoaji na njia ya umeme.

Chanzo cha balaa ni ndoa ya metali mbili zisizolingana. Ganda la plagi ni chuma. Hedi za magari ya leo karibu zote ni aloi ya alumini, kwa sababu ni nyepesi na hupitisha joto haraka. Alumini ni laini kuliko chuma, na ikipata moto hulainika zaidi. Plagi ya milimita 14 yenye washa hukazwa kwa takriban nyutonimita 25. Kipimo hicho kinaonekana kidogo, lakini mteremko wa thredi unakikuza hadi kuwa mbano wa karibu kilo 900. Tena mbano huo haugawanywi sawa: duara la kwanza, lililo karibu na kikalio cha plagi, hubeba takriban theluthi ya mzigo wote. Fundi akining'inia kwenye spana ndefu, duara hilo ndilo linalokatika kwanza; mzigo unahamia kwa jirani yake, naye anakatika. Ndiyo maana mtu huhisi spana imelegea ghafla, bila onyo.

Kuna njia nyingine za kuziua thredi. Plagi ikianzishwa ikiwa imepinda, chuma hujichongea njia yake mpya ndani ya alumini. Masizi yakiganda kwenye thredi za plagi zilizochomoza ndani ya chumba cha mwako, plagi inapofunguliwa huyakokota na kukwangua kila inapopita. Halijoto nayo ina mchango wake. Kwa kila nyuzi moja ya joto, alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Plagi baridi ikifungwa kwenye hedi yenye moto, hedi ikipoa husinyaa zaidi na kuing'ang'ania, na siku ya kuifungua thredi hutoka nayo.

Wakati mwingine kosa si la fundi. Injini za Ford za V8 za lita 4.6 na 5.4, pamoja na V10 ya lita 6.8, zilizofungwa kwenye pikapu na vani nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilipata sifa mbaya ya kutema plagi gari likiwa barabarani. Hedi zake zilikuwa na takriban thredi nne tu za kuishika plagi. Mbano ukilegea kidogo, kila mwako huitikisa plagi, na thredi nne hazikuweza kustahimili mamilioni ya mitikisiko hiyo. Hedi zilizofuata ziliongezewa thredi.

Dalili hazifichiki. Gari linamisi, linakosa nguvu, na upande wa hedi husikika mlio wa kutwanga au wa kupuliza unaofuata mzunguko wa injini. Ukikaza plagi, inazunguka bila kufika mwisho.

Tiba hutegemea ukubwa wa jeraha. Kama ni duara moja au mawili ya juu tu, ipo tepu maalumu ya kuchongea thredi, inayoingizwa ikiwa imebanwa, ikatanuliwa ndani, kisha ikazungushwa kuja nje. Inaanza na thredi nzima zilizoko chini, ikazifuata hadi zile zilizolala na kuzinyoosha.

Kama thredi zimekwisha, tundu hupanuliwa na kuchongwa thredi kubwa zaidi, kisha huwekwa thredi mpya za chuma. Njia ya kwanza ni koili, waya uliosokotwa kama springi, teknolojia iliyoanza miaka ya 1930 nchini Marekani na kuenea katika injini za ndege wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambako plagi zilifunguliwa mara kwa mara kwenye hedi za alumini. Njia ya pili ni bushi nzima yenye thredi ndani na nje. Ina ukingo unaoizuia isizame, na sehemu yake ya chini hutanuliwa inapofungwa ili isitoke pamoja na plagi.

Wengi hudhani hedi iliyotiwa bushi ni kilema. Hesabu inasema kinyume. Bushi hushika alumini kwa kipenyo kinachozidi milimita 14, kwa hiyo mzigo unaenea kwenye eneo kubwa zaidi, na plagi sasa inakutana chuma kwa chuma. Kazi ikifanywa kwa usahihi, thredi hizo huwa imara kuliko zilizotoka kiwandani. Kuchomelea kwa gesi ya agoni na kuchonga upya kwa fundi tona hubaki kwa hedi iliyopasuka au tundu lililochongwa ovyo.

Hatari kubwa ya matengenezo haya ni vumbi la alumini linalodondokea ndani ya silinda na kukwangua kuta zake. Fundi makini hupaka grisi kwenye mifereji ya tepu ili ishike chembe, huitoa na kuifuta kila baada ya mizunguko michache, kisha hufyonza kilichobaki kwa mpira mwembamba. Pistoni huishusha chini kabisa ili tepu isiifikie. Akitumia koili yenye mkia wa kuvunjwa, haondoki bila kuushika mkia huo mkononi. Anayemwambia mteja kwamba gundi ya epoksi inatosha, asipewe kazi hiyo: gundi hulainika kwa joto la hedi, na haipitishi umeme.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Acha injini ipoe kabla ya kufungua plagi, na puliza mchanga utoke kwenye shimo lake kwanza. Anza kuifunga kwa vidole. Ikigoma, irudishe nyuma na uanze tena, usiite spana. Ikishakaa, plagi mpya yenye washa huongezewa nusu hadi theluthi mbili za mzunguko. Isiyo na washa, yenye kikalio cha mshazari, sehemu moja ya kumi na sita tu. Usipake mafuta wala grisi kwenye thredi za plagi mpya, maana utelezi hufanya mkono uleule ukaze kuliko ulivyokusudia. Na ukipeleka gari gereji, uliza kama wana toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Kama hawana, simama karibu na uone plagi ikianzishwa kwa vidole kabla spana haijaguswa.