Sayyida Salme: Undugu, Urithi na Bendera ya Moshi

Katika mwaka 1885 bendera mbili zilishindania Moshi. Mwezi wa Mei, Jenerali Lloyd Mathews, mjumbe wa Sayyid Barghash wa Unguja, alifika kwa Mangi Rindi, naye Mangi akaipokea bendera ya Sultani. Mwezi wa Juni akaja Karl Jühlke, na Rindi akafanya mkataba na Wajerumani. Agosti manowari za Kijerumani zilitia nanga Unguja. Katika msafara huo alikuwamo Sayyida Salme, dada yake Barghash, aliyekuja kudai mali na urithi. Ili kufahamu kisa hiki hatuna budi kulipima neno moja: ndugu.

Salme alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan. Mama yake, Jilfidan, suria wa Kicherkesi. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria, baba akimkiri, ni mwungwana na hurithi sawa na mtoto wa mke wa ndoa. Hivyo wana wa Said walikuwa ndugu kwa baba, lakini wengi wao hawakuwa wa tumbo moja, na Kiswahili hakikuacha kuyatenga mawili hayo. Salme alipata kuishi nyumbani kwa Majid. Hata hivyo, mwaka 1859, akimfuata dada yake mpenzi Khole, alimwandikia Barghash barua za njama dhidi ya Majid huyo huyo.

Mwaka 1866 alikwenda Aden, na mwaka 1867 akabatizwa na kuolewa na Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, aliyefariki mwaka 1870 na kumwachia watoto watatu. Hapo undugu ukaachana na urithi: tofauti ya dini haiondoi nasaba, bali huzuia kurithiana.

Kwa Wajerumani, kuwa dada wa Sultani kulikuwa hoja tosha. Kwa sheria ya nyumba yake, dada huyo hakuweza tena kumrithi ndugu Mwislamu. Barghash alikataa kumpokea; na Wajerumani, walipokwisha kupata walichokitaka barani, hawakuyashikilia madai yake. Mwaka 1886, kwa mapatano na Uingereza, Kilimanjaro iliingia katika eneo lao. Salme alifariki Jena mwaka 1924. Nasaba yake, ambayo haikumpatia urithi, ilikuwa imekwisha kuwafaa wengine.