Lugha ya Kwanza Katika Mtihani wa Lugha ya Pili

Mazimbu ni mahali palipo kilometa chache kutoka mjini Morogoro, mbele ya safu ya milima ya Uluguru. Zamani palikuwa na shamba la mkonge. Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini, wa chama cha ANC, eneo hilo, na mwaka 1978 masomo yakaanza katika shule ambayo baadaye ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Wengi wa wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa vijana walioikimbia nchi yao baada ya maandamano ya Soweto ya tarehe 16 Juni 1976. Maandamano hayo yalichochewa na amri ya kufundisha baadhi ya masomo, hisabati ikiwemo, kwa lugha ya makaburu. Vijana hao walikwisha kujifunza kwa uchungu kwamba lugha ya darasani yaweza kuwa mlango, na yaweza kuwa ukuta.

Shule hiyo ilifungwa mwaka 1992 na majengo yake yakakabidhiwa Serikali ya Tanzania. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na miongoni mwa wanaosoma hapo ni walimu wa sayansi wa siku zijazo. Lakini suala la lugha halikuondoka pamoja na wapigania uhuru. Mtoto wa Mgeta, juu milimani, aweza kuanza maisha kwa Kiluguru, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akaingia sekondari ambako maswali ya fizikia na baiolojia huandikwa kwa Kiingereza. Akishindwa kulielewa swali, mtahini hana njia ya kujua kwamba jibu alikuwa nalo.

Tatizo hili si la Tanzania peke yake. Nchini China wanafunzi wa vyuo vikuu hufanya mtihani wa taifa wa Kiingereza ulioanzishwa mwaka 1987. Ngazi yake ya juu ilifuata mwaka 1989. Alama za juu kabisa ni 710, na mwanafunzi anayetaka kuendelea na ngazi ya juu hutakiwa kupata 425. Wanaoufanya ni wanafunzi wa uhandisi, udaktari, kilimo na fani nyingine, wala si wataalamu wa lugha. Yafaa basi kuwalinganisha watahiniwa wawili, mmoja mzungumzaji wa Kichina na mwingine mzungumzaji wa Kiswahili, ili kuona jinsi lugha ya kwanza inavyoingia katika chumba cha mtihani pamoja na mtahiniwa.

Kosa lina sababu yake

Kwa muda mrefu kosa la mwanafunzi lilihesabiwa kuwa ni uzembe tu. Mwaka 1957 mtaalamu wa isimu Robert Lado, wa Marekani, alieleza kwamba matatizo mengi ya mwanafunzi yaweza kutabiriwa kwa kulinganisha lugha yake na ile anayojifunza. Mwaka 1967 Pit Corder, wa Uingereza, aliongeza jambo muhimu: kosa linalorudiwa ni ushahidi. Linaonyesha kanuni ambayo mwanafunzi anaifuata akilini, hata kama kanuni hiyo si sahihi. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba lugha ya kwanza haielezi makosa yote, maana mengine huwapata wanafunzi wa kila taifa. Hata hivyo, yale inayoyaeleza ni mengi.

Fikiria neno la Kiingereza "bus". Waswahili waliliita "basi". Wachina, kwa kupitia Kikantoni, waliliita "bāshì". Mataifa hayo mawili hayakushauriana, lakini yalitenda jambo moja: yaliongeza irabu mwishoni. Katika Kiswahili silabi nyingi huishia na irabu. Ndiyo sababu tuna kabati, shati, sketi na blanketi. Katika Kichina cha Beijing silabi huishia na irabu au na sauti chache tu kama "n" na "ng". Ulimi uliozoea kanuni hiyo huona tabu kuacha konsonanti peke yake mwishoni mwa neno. Katika Kiingereza konsonanti hizo za mwisho hubeba maana: ndizo zinazoonyesha wingi na wakati uliopita. Mwanafunzi asiyezisikia katika "walked" au "boxes" huzisahau pia anapoandika.

Irabu nazo zina hesabu yake. Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza sanifu cha Uingereza huhesabiwa kuwa na irabu sahili zipatazo 12, mbali na zile zinazounganika. Kwa hiyo sauti mbili au tatu za Kiingereza huingia katika kapu moja la Kiswahili: "ship" na "sheep" husikika kama neno moja; "cat", "cut" na "cart" vivyo hivyo. Sikio la mwanafunzi ni zima. Akili yake ndiyo iliyofunzwa tangu utotoni kuipuuza tofauti isiyokuwa na kazi katika lugha yake.

Mahali wanapofanana na mahali wanapoachana

Kuna mambo ambayo Mchina na Mswahili hukosea kwa namna moja. Kwa Kiswahili "anasoma" ni mwanamume au mwanamke. Katika matamshi ya Kichina neno "tā" nalo hutumika kwa wote wawili. Hivyo wanafunzi wa pande zote mbili huchanganya "he" na "she", hata wale walioendelea sana. Vilevile hakuna kati ya lugha hizo mbili iliyo na maneno yanayofanya kazi ya "a" na "the". Kwa sababu hiyo maneno hayo madogo huwasumbua wote.

Namna ya kujibu swali lenye kukanusha ni mfano mwingine. Mtu akiulizwa, "Hukwenda shambani?", na kweli hakwenda, aweza kujibu, "Ndiyo, sikwenda." Anakubaliana na maneno ya muulizaji. Mchina hufanya hivyo pia. Mwingereza hujibu "No", kwa sababu analitazama tendo lenyewe. Katika mtihani wa kusikiliza mazungumzo, tofauti hii moja yaweza kuligeuza jibu.

Kwa upande mwingine wako mambo yanayowatenganisha. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki kwa sababu ya nafsi wala wakati. Neno kama "jana" mara nyingi hutosha. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kichina huelekea kuandika "Yesterday I go". Mswahili amezoea viambishi vya wakati, -li-, -na-, -ta- na -me-, na wazo la kwamba kitenzi lazima kionyeshe wakati si geni kwake. Kosa lake laweza kuwa la aina nyingine: kwa kuwa husema "Baba alikwenda", ambapo "a-" humrudia baba, huandika "My father he went".

Tahajia nayo huwatega kwa njia mbalimbali. Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, na mwanafunzi hutumaini kwamba Kiingereza nacho kitafanya hivyo. Kisha hukutana na "though", "through" na "cough", maneno yanayofanana machoni na kutofautiana masikioni. Mwanafunzi wa China, ambaye amezoea maandishi yasiyofuata herufi za sauti, hujifunza pia herufi za Kirumi kwa njia ya pinyin, iliyokubaliwa rasmi mwaka 1958. Lakini herufi hizo huwakilisha sauti za Kichina, kwa hiyo naye hana budi kuzijifunza upya.

Hesabu ya msamiati

Sarufi ni nusu tu ya shughuli. Paul Nation, mtaalamu wa New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba ili msomaji asome maandishi ya kawaida bila msaada yampasa kuyajua maneno yapatayo 98 katika kila 100. Kwa Kiingereza hilo hudai familia za maneno 8,000 hadi 9,000. Familia moja ni neno pamoja na vizalia vyake, kama vile "act", "action" na "active".

Mwanafunzi asikate tamaa kwa tarakimu hiyo, kwa sababu maneno hayana uzito sawa. Familia 2,000 zinazotumika sana huchukua takribani asilimia 80 ya maneno katika kitabu cha taaluma. Mwaka 2000 Averil Coxhead alitoa orodha ya familia 570 zinazopatikana katika fani zote za chuo, nazo huchukua karibu asilimia 10 zaidi. Chukua ukurasa wenye maneno 300. Anayejua zile 2,000 tu hukwama mara 60 hivi. Anayeongeza zile 570 hukwama mara 30. Kwa kujifunza familia 12 kwa siku, siku 6 kwa juma, kazi hiyo humalizika katika majuma 8.

Yapo pia maneno madogo yanayoamua maana ya sentensi nzima. Tazama sentensi hii ya kemia: "Iron does not rust unless both water and air are present." Mwanafunzi asiyeijua "unless" aweza kuelewa kwamba chuma hakipati kutu penye maji na hewa, kinyume kabisa cha ukweli. Kemia yake haina kasoro. Neno moja limemwangusha. Kwa hiyo maneno kama "unless", "although", "whereas" na "hardly" yastahili kufundishwa na mwalimu wa sayansi mwenyewe, palepale katika somo lake.

Namna kumbukumbu inavyofanya kazi

Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus, wa Ujerumani, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe juu ya kusahau. Aliona kwamba sehemu kubwa ya kilichojifunzwa hupotea mapema, kisha upotevu hupungua kasi. Aliona pia kwamba marudio yaliyogawanywa katika siku mbalimbali hufaa kuliko yaliyolundikwa pamoja. Neno jipya basi lirudiwe baada ya siku moja, kisha siku tatu, kisha juma, kisha mwezi.

Jambo la pili ni kujijaribu. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa Marekani habari fupi za kusoma. Katika njia moja habari ilisomwa mara mbili. Katika njia nyingine ilisomwa mara moja, kisha ikaandikwa kwa kukumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliojijaribu walikumbuka asilimia 56, na waliorudia kusoma asilimia 42. Kukesha na daftari wazi usiku wa kuamkia mtihani humpa mwanafunzi imani ambayo haikai.

Jambo la tatu ni kusoma vitabu vingi vilivyo rahisi. Mwaka 1984 wachunguzi Criper na Dodd walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania, wakaona kwamba wengi hawakufikia kiwango cha kujifunzia masomo mengine kwa lugha hiyo. Mpango uliofuata, ulioanza mwaka 1987, ulisambaza katika sekondari vitabu vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi. Msingi wake ni sahihi hata leo: kitabu kinachomkwamisha msomaji katika kila mstari hakimfundishi lugha, humfundisha kuchoka.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kuthibitisha habari ya irabu bila chombo chochote. Atayarishe orodha ya maneno 20, "ship" na "sheep" yakiwa yamechanganywa kwa kurusha sarafu. Ayasome pole pole akiwa amewapa wanafunzi mgongo, nao waandike 1 kwa "ship" na 2 kwa "sheep". Anayebahatisha atapata wastani wa majibu 10. Kupata 15 au zaidi kwa bahati tupu hutokea mara 2 hivi tu katika 100. Kwa hiyo mwanafunzi aliyefikia hapo yaelekea anaisikia tofauti kweli. Jaribio lirudiwe baada ya mazoezi ya majuma manne na matokeo yachorwe katika grafu.

Katika mtihani wa China kusikiliza hubeba asilimia 35 ya alama, kusoma 35, kuandika 15, na kutafsiri aya ya Kichina 15. Mgawanyo huo unakiri kwamba lugha ya kwanza ipo, na hata unaipa kazi. Mwalimu wa Kitanzania naye aweza kuitumia hivyo: mwanafunzi na aweke daftari la makosa yake, na kando ya kila kosa aandike kanuni ya Kiswahili, au ya Kiluguru, iliyolizaa. Lengo si kuifukuza lugha ya nyumbani. Anayezijua kanuni za lugha yake hutambua ni wapi zinamsaidia na ni wapi zinamvuta kando, na siku ya mtihani huweza kuonyesha ile sayansi aliyokwisha kuijua.