Vitenzi vya Kiingereza na Mwanafunzi wa Manga

Mtoto aliyezaliwa Manga, katika nchi ya Wagusii, hukutana na lugha tatu kabla hajamaliza shule ya msingi. Nyumbani asema Ekegusii, sokoni asikia Kiswahili, na darasani, hasa kuanzia mwaka wa nne, masomo mengi humjia kwa Kiingereza. Lugha mbili za kwanza ni ndugu, kwani zote ni za Kibantu. Hii ya tatu ni mgeni, na ugeni wake huonekana upesi katika vitenzi.

Mtazame mwanafunzi aandikaye, "I did not went." Mwalimu hutia alama nyekundu, na mtoto hudhani amekosa kukariri vema. Sivyo. Ametaja wakati uliopita mara mbili, kwa kuwa hakuna aliyemweleza ya kuwa "did" imekwisha kuutaja. Mswahili husema "sikwenda", na ndani ya neno hilo moja mna mtendaji, wakati, kukanusha na tendo lenyewe. Ekegusii nayo hufunga mambo hayo katika neno moja. Mwingereza huufungua mzigo: "I" ni mtendaji, "did" ni wakati, "not" ni kukanusha, na "go" hubaki tendo tupu.

Kwa hiyo yafaa kwanza kutenga vitenzi vikuu na vitenzi visaidizi. Vikuu ni maelfu; visaidizi ni vichache mno. "Be", "have" na "do" huweza kufanya kazi zote mbili. Kisha viko tisa ambavyo ni visaidizi tu: "can", "could", "may", "might", "shall", "should", "will", "would" na "must". Hivi havipokei "s" ya nafsi ya tatu, wala havifuatwi na "to".

Walimu wengi hutumia siku nyingi kukaririsha vitenzi visivyofuata kanuni, kama "go, went, gone". Orodha hiyo ina faida, maana vitenzi hivyo, ingawa havizidi sana 200, ndivyo vinavyotumika kila siku. Hata "went" ina kisa chake: iliazimwa kutoka kitenzi kingine cha kale, "wend", ndiyo sababu haifanani na "go" hata kidogo. Lakini aliyekariri orodha nzima bila kuelewa visaidizi bado ataandika "did not went", tena kwa mwandiko mzuri.

Jambo jingine ni vitenzi vya hali. Kiswahili husema "anakula" na "anajua" kwa kiungo kile kile cha "na", basi kijana husema "he is eating", halafu "he is knowing". Kiingereza hakikubali hilo la pili. Kujua si tendo liendalo likaisha, hivyo husemwa "he knows".

Hasara kubwa, hata hivyo, haitokei katika mtihani bali katika barua. Kijana aombaye kazi huandika, "You must give me work." Hakukusudia ufidhuli. Nyumbani heshima hukaa katika namna ya kumwita mtu: humwita mzee "omogaka", na kwa Kiswahili hutanguliza "naomba". Kiingereza kina maneno machache ya kuita namna hiyo. Adabu yake kubwa imewekwa katika vitenzi visaidizi. "Could you", "may I", "I would be grateful": hapo ndipo Mwingereza huvua kofia. Mkubwa wa ofisi asomaye "you must" hajui kwamba kijana huyu huko kwao huwapisha wazee njiani. Aona amri tu, na barua huweza kuwekwa kando.

Mwalimu aweza kuonyesha jambo hili kwa chaki na neno moja. Aandike "hawakusoma", kisha alikate vipande vinne: "ha", "wa", "ku", "soma". Chini ya kila kipande aandike mwenziwe wa Kiingereza: "not", "they", "did", "read". Halafu awaulize watoto wa Manga wavipange upya kama Mwingereza apangavyo, na baadaye walete neno la Ekegusii lenye maana hiyo, walikate wao wenyewe.