Wasomi na Kijiji (Sehemu ya Nne): Kutoka Mlimani hadi Mtabila

Nilikusudia sehemu hii ya nne iwe juu ya maandamano ya wanafunzi ya Machi 1978, lakini habari za Kigoma zimenivurugia ratiba. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinapata kampasi mkoani humo, mojawapo ya kampasi za mikoani zinazojengwa kupitia mradi wa elimu ya juu wa HEET kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Wengi wanazungumzia majengo, ajira na bei ya viwanja. Mimi nina swali jingine. Huyo mwanafunzi atakayekuja kusoma huko, wilaya za Kasulu na Kibondo atazijua vipi? Au ataziona kupitia dirisha la basi, akienda na kurudi likizo?

Swali hili siwezi kuligusa bila kurudi kwenye tarehe 22 Oktoba 1966. Wanaonifahamu wanaujua udhaifu wangu: nikitajiwa siku hiyo naweza kuongea mpaka chakula kipoe.

Serikali ilikuwa imetangaza kwamba kila anayemaliza chuo atalitumikia taifa kwa miaka miwili kupitia Jeshi la Kujenga Taifa. Miezi ya mwanzo angekaa kambini, na muda uliobaki angefanya kazi aliyosomea huku akipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa vyuo vingine, wakavaa majoho yao wakaenda Ikulu. Majoho, kwa joto lile la Dar es Salaam! Baadhi ya mabango yalisema kwamba wakati wa mkoloni ulikuwa na nafuu. Mwalimu Nyerere akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akawaka. Alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 papo hapo, akasema na ya wakubwa wengine serikalini itapunguzwa, halafu akawarudisha vijana makwao, karibu 400. Wengi walirejeshwa chuoni mwaka uliofuata. Katikati ya hayo, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha.

Wapo wanaoiita siku hiyo kuzaliwa kwa harakati za haki za wanafunzi nchini. Siwaungi mkono, ingawa nusu ya hoja yao naikubali. Walikuwa na haki ya kuandamana na kumweleza Rais kisichowapendeza, na kuwatimua lilikuwa jibu la mkuu wa shule aliyeudhika, si la kiongozi wa nchi. Lakini haki waliyoitetea ilikuwa mshahara wao wenyewe. Katika mwaka huohuo wa 1966, Kasulu na Kibondo zilikuwa zimejaa wanaume waliowahi kuwa manamba, waliokwenda kukata mkonge Tanga ili wapate fedha ya kodi. SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanza mwaka 1944, iliwakusanya huko Buha, nchi ya Waha, na kuwasafirisha kwa reli kama mzigo. Mtoto wa manamba ndiye aliyelipia joho lile kwa jasho la babaye, na hakuna bango lililomtaja.

Kwa hiyo naweka chanzo cha harakati mwaka mmodi mbele, na nakiweka mahali ambapo hapakuwa na mabango. Kitivo cha Sheria kilikuwa ndicho kitivo cha kwanza cha chuo kile. Kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14, na miongoni mwao mwanamke mmoja tu, Julie Manning. Mwaka 1967 walimu na wanafunzi wa kitivo hicho, wakati huo wakiwa wamekwishahamia Mlimani, kampasi kuu ya chuo, walianzisha Kamati ya Msaada wa Kisheria. Kazi yake haikuwa na makuu: kumsikiliza mtu asiyeweza kulipa wakili, kumwandikia barua, kumweleza sheria kwa Kiswahili. Mjane aliyenyang'anywa nyumba na shemeji zake, kibarua aliyefukuzwa bila malipo. Kamati ile ipo hadi leo, na miaka yote hii imeishi kuliko vyama vingi vilivyopiga kelele kuizidi.

Mwaka huohuo wa 1967 ndipo ilipozaliwa USARF, umoja wa wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika, mwenyekiti wake akiwa kijana wa Kiganda, Yoweri Museveni. (Mengine yake msomaji anayajua.) Hawa walikuwa na madarasa ya siasa kila Jumapili, walivuka kwenda Msumbiji kuona maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO, na walipopata nafasi walikwenda kushika jembe katika vijiji vya ujamaa. Gazeti lao, Cheche, wakilihariri akina Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, lilithubutu kuwauliza wakubwa kama ujamaa wanaouhubiri ndio wanaoutenda. Mwaka 1970 lilichapa toleo maalumu lenye andiko refu la Issa Shivji juu ya mapambano ya kitabaka nchini. Kabla mwaka haujaisha, gazeti na umoja wake vyote vikapigwa marufuku. Hirji, aliyekuwa sasa mwalimu palepale Mlimani, alikuja kuondolewa mwaka 1974 na kupelekwa Sumbawanga kufanya kazi ya mipango ya mkoa. Mikoa ya magharibi tumezoea kutumika kama adhabu ya wasomi.

Hapo ndipo Kasulu na Kibondo zinapoingia tena. Mwaka 1972 ilikuja Operesheni Kigoma, na watu wakahamishwa kwa wingi kutoka mashamba yao ya mtawanyiko wakapangwa kwenye vijiji. Haikuwa mara ya kwanza. Miaka ya 1930 Mwingereza aliwakusanya Waha hao hao katika makazi ya pamoja kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Mara zote mbili aliyehamishwa aliambiwa ni kwa faida yake. Vijana ambao wangeweza kwenda kuuliza nani alishauriwa, na mazao yaliyoachwa shambani yalilipwa na nani, gazeti lao lilikuwa limefungwa miaka miwili nyuma. Ukimzuia kijana msomi asiseme, anayepata hasara ya kwanza ni mwanakijiji, kwa maana mwenye shahada atapata kazi tu, akisema au asiseme.

Nimekula nafasi nyingi kwa ya kale, na mhariri ananionya. Twende Mtabila.

Mtabila, wilayani Kasulu, ilikuwa kambi ya wakimbizi wa Burundi hadi ilipofungwa Desemba 2012. Leo ni kambi ya JKT. Utumishi wa mujibu wa sheria ulisitishwa mwaka 1994 na kurudishwa 2013, na sasa vijana waliomaliza kidato cha sita hukimbia mchakamchaka pale ambapo familia za Warundi zilipanga foleni ya mahindi. Lile lililowapeleka wanafunzi Ikulu mwaka 1966 linafanyika katika ardhi yenye historia nzito ya haki za binadamu kuliko karibu kambi yoyote nchini, na sidhani kama kuna dakika moja ya ratiba inayowekwa kumweleza kijana mahali alipo. Jirani, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu imekuwapo tangu 1996 ilipopokea Wakongo. Nduta, upande wa Kibondo, ilifunguliwa upya 2015 Warundi walipokimbia tena. Kambi nyingine, Mtendeli, ilifungwa 2021. Watoto wa kambini wanasoma mitaala ya kwao, na Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inawataka wakae ndani ya eneo walilopangiwa, wasitoke bila kibali. Wapo vijana waliozaliwa Nyarugusu ambao umri wao wa chuo umefika, na chuo kikuu kinawajia mkoani. Je, wataruhusiwa hata kuliona lango lake?

Na wenyeji nao wana madai yao. Malalamiko ya siku nyingi ya watu wa Kigoma ni kutiliwa shaka uraia wao, kwa sababu Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu na mpaka uko jirani. Mzee aliyezaliwa hapo kabla ya Uhuru anaulizwa karatasi ambayo hakuna aliyewahi kumpa. Hapo mwanafunzi wa sheria mwenye kalamu na uvumilivu ana kazi ya mwaka mzima.

Lakini kampasi hii ni ya afya, atasema mtu, haki za binadamu zinahusu nini? Chukua fomu moja tu, PF3. Binti aliyebakwa au mke aliyepigwa hupewa fomu hiyo na polisi, naye daktari au tabibu huijaza. Ikijazwa kwa haraka, kwa maneno mawili yasiyosomeka, kesi imekufa kabla haijafika kwa hakimu. Mwanafunzi wa udaktari anayejifunza kuijaza sawasawa akiwa katika hospitali ya wilaya, na anayejua kwamba ataitwa mahakamani kuieleza, ametetea haki kuliko aliyebeba bango mwaka mzima.

Sitaki nieleweke vibaya. Kujitolea kwa mtindo unaotamba sasa vyuoni, wa fulana zenye nembo, sabuni vipande viwili kwa kila mgonjwa na picha nyingi, kunaniudhi kama yale majoho. Kijiji hakihitaji kuhurumiwa na watu wanaosubiri bumu lao, posho ya mkopo, liingie. Kinahitaji mtu atakayerudi mwezi ujao, na aliyeruhusiwa kusema alichokiona.

Basi ombi langu kwa wanaoandaa mitaala ya kampasi ya Kigoma, kabla darasa la kwanza halijaketi, ni hili. Wekeni Kasulu na Kibondo ndani ya masomo, kwa alama, chini ya msimamizi anayekaa huko na si anayekuja kusaini tu. Iombeni Kamati ya Msaada wa Kisheria ya Mlimani iwafundishe wanafunzi wenu PF3 na vyeti vya kuzaliwa. Zungumzeni mapema na Wizara ya Mambo ya Ndani kuhusu vibali vya masomo kwa vijana wa Nyarugusu na Nduta. Na mwanafunzi akiandika kwamba zahanati fulani haina dawa, asiitwe ofisini kuhojiwa nani amemtuma.

Maandamano ya 1978, tukijaliwa, ni wiki ijayo.